Mlango wa Mnasihi Usipakane na Mlango wa Kiboko

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hufunzwa katika shule za upili kote nchini Kenya. Huandikiwa insha na kutungiwa maswali ya mtihani. Hata hivyo, ni nadra kwa shule iyo hiyo kujiuliza iwapo imemwandalia mwanafunzi mahali pa kuyafichulia maradhi yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba idara ya unasihi ndiyo mahali hapo, na kwamba idara hiyo haitaifanya kazi yake ipasavyo iwapo haitatenganishwa na ofisi ya nidhamu, haitatengewa muda, na haitamruhusu mwanafunzi kuitumia lugha anayowazia machungu yake.

Mfano wa Magunga unafaa kuangaziwa. Magunga ni mji mdogo wa eneo la Gwassi, katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay. Vilima vya Gwassi viko karibu, Ziwa Viktoria haliko mbali, na ukielekea kusini utaingia Nyatike katika Kaunti ya Migori. Jamii za huku hutegemea uvuvi na kilimo kidogo, na fuo kama Nyandiwa na Sindo ndizo masoko, vituo vya usafiri na sehemu za kazi. Shule za upili za eneo hili hupokea wanafunzi wanaotoka katika mazingira hayo, na kila mmoja huja na mzigo wake mbali na sanduku lake la bati.

Mizigo hiyo haihitaji kukisiwa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018, asilimia 19.6 ya watu wazima wa Kaunti ya Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, ilhali kiwango cha taifa zima kilikuwa asilimia 4.9. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 nao ulibainisha kuwa takriban asilimia 23 ya wasichana wa kaunti hiyo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 15. Nyuma ya takwimu hizi kuna mayatima waliolelewa na nyanya zao, kuna wavulana wanaokesha ziwani wakivua omena ili wapate karo, na kuna ile desturi ya jaboya ambapo mwanamke hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Msichana anayemsaidia mamake kuuza samaki ufuoni huyaona hayo kabla hajajiunga na shule ya upili.

Chukulia mwanafunzi wa bweni aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI. Anapaswa kumeza dawa kila siku kwa saa ile ile. Bweni lina vitanda vya ghorofa, masanduku yamepangwa ukutani, na macho ya wenzake hayalali. Akimeza dawa hadharani, ataulizwa. Akizificha, zitakuja kupatikana siku ya msako. Akiziacha, mwili wake utamsaliti kabla ya mtihani wa taifa. Mwanafunzi wa namna hii hahitaji hotuba kuhusu maadili. Anachohitaji ni mtu mzima mmoja shuleni anayejua hali yake, ambaye atamwekea dawa mahali salama, atamtetea apewe ruhusa ya kwenda kliniki bila kuulizwa sababu mbele ya darasa, na ambaye hatalitaja jambo hilo katika chumba cha walimu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake. Lakini sheria haiwezi kukaa kitako na mtoto saa mbili usiku. Mnasihi anaweza.

Aidha, chukulia msichana aliyejifungua na kurudi shuleni. Sera ya kumrejesha shuleni mama mwanafunzi imekuwapo nchini Kenya tangu mwaka 1994, na miongozo mipya ilitolewa mwaka 2020. Kwa hivyo lango limefunguliwa. Lakini kulipita lango si sawa na kupokelewa. Matiti yanajaa maziwa katikati ya somo la hisabati, mtoto ana homa nyumbani, na wenzake wamempachika jina. Mwalimu wa darasa huona alama zinazoshuka, naye naibu wa mwalimu mkuu huona kuchelewa. Asipokuwapo mtu wa kuona yaliyo nyuma ya alama na kuchelewa huko, msichana huyo ataondoka mara ya pili, na safari hii hapatakuwa na sera ya kumfuata.

Ikumbukwe kwamba wazo la unasihi shuleni si geni nchini Kenya. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza huduma hii iimarishwe katika shule. Mwaka 2001 adhabu ya viboko iliondolewa kisheria, na mwaka uo huo wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, baada ya moto uliowashwa kimakusudi. Jopo lililoongozwa na Naomi Wangai, lililochunguza utovu wa nidhamu na migomo ya wanafunzi, lilisisitiza tena haja ya kuimarisha uelekezaji na unasihi. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ziliyatilia nguvu makatazo ya adhabu ya viboko. Kwa maneno mengine, taifa lilikiondoa kiboko na kukiweka kiti cha mnasihi mahali pake.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kwa kuwa unasihi uliletwa kama mbadala wa kiboko, shule nyingi ziliuelewa kuwa ni aina nyingine ya adhabu. Mwanafunzi anayepatikana na simu hupelekwa kwa mnasihi. Aliyeruka ua hupelekwa kwa mnasihi. Aliyepigana pia hupelekwa huko, kisha barua ya kumsimamisha masomo huandikwa ikisema kuwa "amenasihiwa" lakini hakubadilika. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayeonekana akiingia katika chumba hicho hudhaniwa kuwa mkosaji. Yule mwenye dawa sandukuni hatathubutu kubisha. Isitoshe, chumba chenyewe aghalabu huwa kona ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, au stoo ya vitabu yenye kuta nyembamba. Mlango wa mnasihi ukipakana na mlango wa nidhamu, mwanafunzi huona mlango mmoja tu.

Kikwazo cha pili ni muda. Anayeteuliwa kuiongoza idara hii kwa kawaida ni mwalimu wa masomo aliye na vipindi vyake kamili, madaftari ya kusahihisha na zamu ya wiki. Mara nyingi huteuliwa kwa kuwa ni mpole, au ni mcha Mungu, au ni mwanamke, wala si kwa kuwa amesomea kazi hiyo. Upole ni sifa njema, lakini hautoshi kumtambua mtoto anayewaza kujiua. Basi mwalimu huyo hujikuta akiwanasihi wanafunzi mia kadhaa katika dakika za mapumziko, chai yake ikipoa mezani. Yanayofanyika badala yake ni kumwalika mgeni mara moja kwa muhula, wanafunzi wakusanywe ukumbini, wahutubiwe kwa saa mbili kuhusu mihadarati na mapenzi, kisha ripoti iandikwe kwamba unasihi umefanyika.

Kikwazo cha tatu kinawahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili, nacho ni lugha. Neno "nasaha" lina maana ya mawaidha, maneno mema anayopewa mtu ili ajirekebishe. "Ushauri" nao humweka mshauri juu na mshauriwa chini. Istilahi zote mbili zinamsawiri mtu anayesema na mwingine anayesikiliza. Lakini katika taaluma yenyewe mambo ni kinyume: mnasihi ndiye msikilizaji, na mwenye tatizo ndiye msemaji. Si ajabu basi kwamba mwalimu anayeambiwa "kanasihi wanafunzi" husimama jukwaani na kuanza kuhubiri. Istilahi imemtuma huko. Wanaleksikografia na wanafunzi wa istilahi wana kazi hapa, si ya kulitupa neno unasihi, ambalo limeshakubalika, bali ya kulifafanua katika kamusi na vitabu vya kiada ili maana ya kusikiliza iingie ndani yake. Vivyo hivyo, maneno kama sonona, kihoro, fadhaa, faragha na ridhaa yanafaa yatoke katika orodha za msamiati na kuingia vinywani mwa walimu.

Zaidi ya istilahi, kuna suala la lugha ya mazungumzo yenyewe. Wasuba wa Gwassi wamekuwa mfano maarufu katika isimujamii: Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo waliwaeleza kama jamii ambayo utambulisho wake unakua huku lugha yake ikififia mbele ya Kijaluo. Mwanafunzi wa Magunga basi anaweza kuwa na nyanya anayekumbuka Olusuba, akazungumza Kijaluo nyumbani, akajifunza Kiswahili darasani, na akatakiwa kutumia Kiingereza katika uwanja mzima wa shule. Akiingia kwa mnasihi na kuanza kusimulia alivyomzika babake, halafu akakatizwa kwa kuwa ametumia "lugha ya mama", simulizi hiyo itakoma na haitarudi. Kanuni ya lugha ya shule iachwe nje ya mlango huo. Ndani, Kijaluo kiruhusiwe, Kiswahili kiruhusiwe, hata Sheng iruhusiwe. Kwa mwalimu aliyetoka kaunti nyingine na asiyejua Kijaluo, Kiswahili ndicho daraja, kwa kuwa hakimtishi mtoto kama Kiingereza cha mtihani wala hakimfungii nje mwalimu mgeni.

Wako wanaopinga. Husema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kwamba unasihi umewadekeza vijana, na kwamba shule zilikuwa na utulivu enzi za kiboko. Hoja hii haina budi kupimwa kwa tarehe. Wasichana 19 walifariki katika mkasa wa St. Kizito, Meru, mwaka 1991. Viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa na wanafunzi wenzao mwaka 1999. Nyakati zote mbili kiboko kilikuwa halali. Kiboko hakikuzuia maafa hayo, kwa sababu kiboko hakiulizi swali. Ama kuhusu methali ya samaki, mvuvi yeyote wa Nyandiwa anajua kwamba samaki mbichi hukunjwa polepole kwa mkono, anayempiga humponda.

Wengine hudai kwamba unasihi ni jambo la kigeni. La hasha. Katika jamii ya Wajaluo kulikuwa na siwindhe, nyumba ambamo wasichana na watoto walilala pamoja na bibi mzee aliyeitwa pim, wakasimuliwa hadithi na kuuliza yale wasiyoweza kuwauliza mama zao. Katika pwani ya Waswahili, msichana alikuwa na somo wake, mtu wa siri zake kuhusu mambo ya utu uzima. Pim na somo hawakuwa wazazi wa kuadhibu. Walikuwa watu wazima waliotengwa makusudi ili mtoto apate pa kusemea. Shule ya bweni imemtoa mtoto siwindhe; haki ni kwamba imrudishie pim wake.

Yanayohitajika hayazidi uwezo wa shule ya mashambani. Kwanza, mnasihi asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu, wala ripoti yake isitumike kumfukuza mtu. Pili, apunguziwe vipindi, na saa zake zionyeshwe katika ratiba kama somo lolote. Tatu, apewe chumba chenye mlango unaofungika. Nne, pawepo wanafunzi waliofunzwa kuwanasihi rika zao, maana siri nyingi hutua kwanza kwa rafiki wa kitanda cha juu. Tano, mnasihi awe na njia ya wazi ya kumpeleka mtoto katika kituo cha afya au kwa afisa wa watoto. Na sita, mwanafunzi aambiwe tangu mwanzo mpaka wa siri. Mtoto akidhulumiwa kimapenzi, awe amedhulumiwa na mvuvi, jamaa au mwalimu, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, na mnasihi hana ruhusa ya kulinyamazia. Kuahidi siri kamili kisha kuivunja ni kumjeruhi mtoto mara mbili.

Hatimaye, ni vyema ieleweke suala hili ni la nani. Wengi wanaosomea ualimu wa Kiswahili leo watapelekwa katika shule mfano wa zile za Magunga. Kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili ndiye anayesoma insha za wanafunzi, ndiye pia wa kwanza kukutana na mwana aliyeandika "siku nisiyoweza kuisahau" kwa wino uliochanganyika na machozi. Mwalimu mmoja atapigia mstari makosa ya upatanisho wa kisarufi na kutoa alama kumi na moja kwa ishirini. Mwingine atafanya hayo yote, kisha atamwita mwandishi kando na kumuuliza iwapo yaliyoandikwa ni ya kubuni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa asiyeubeba. Mwalimu huyo wa pili ndiye anayefahamu kwamba kanda hilo lina mawe.