Tusiwakaririshe vijana vitenzi vya Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu juu ya jinsi tunavyofundisha vitenzi vya Kiingereza katika shule zetu za sekondari. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa somo hilo, kwa hiyo lawama nitakazotoa hapa zinanihusu na mimi.

Ukipita nje ya darasa la kidato cha kwanza utawasikia vijana wakiitikia kwa pamoja: "go, went, gone, eat, ate, eaten, see, saw, seen." Wanaitikia vizuri sana. Lakini mwambie mmoja wao aseme kwa Kiingereza kwamba jana hakwenda sokoni. Atakujibu "I did not went", au atanyamaza kabisa. Orodha anayo kichwani, ila hajui neno lipi litumike wapi.

Mwaka 2018 mwalimu mwenzangu wa Historia alinionyesha karatasi ya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kijana alikuwa ameandika: "The Germans defeated the Hehe at Lugalo in 1891." Mwenzangu alikuwa amemkosesha, na alikuwa na haki, kwani sentensi hiyo inasema Wajerumani ndio walioshinda. Nilimwita yule kijana nikamwuliza kwa Kiswahili ni nini kilichotokea Lugalo. Alinijibu bila kusita: "Mwalimu, Wajerumani walishindwa na Wahehe wa Mkwawa, na kamanda wao Zelewski aliuawa hapo hapo." Historia aliijua. Kilichomponza ni kitenzi.

Ndugu Mhariri, kwa Kiswahili tofauti ya "walishinda" na "walishindwa" ni herufi moja tu. Kijana yule hajapata kuikosea tangu alipoanza kusema. Alichohitaji ni kuonyeshwa kwamba Kiingereza hakina "w" hiyo ya kutendwa. Kazi yake hufanywa na "was" au "were" pamoja na lile neno la tatu katika orodha, na "na" yetu huwa "by". Miaka mitatu alikuwa akilikariri neno la tatu bila kuambiwa kazi yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa nyakati. Mtoto wa Kitanzania anajua vizuri tofauti ya "nimekula" na "nilikula jana". Mwalimu akianzia hapo, "I have eaten" na "I ate yesterday" hazitakuwa tena maneno ya kubahatisha. Ni kweli njia hizi mbili huachana mahali fulani: "nimechoka" kwa Kiingereza ni "I am tired", wala si "I have tired". Basi mwalimu aseme waziwazi kwamba hapa tunaachana. Vilevile awaeleze kwamba sisi tukiuliza "Ulikwenda?" tunabadili sauti tu, lakini Mwingereza huleta "did" mbele, na "did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi hurudi katika umbo lake la kwanza. Akishaelewa hivyo, kijana atajua mwenyewe kwa nini "did you went" ni kosa.

Hata ule ukaidi wa "go" na "went" usiwatishe. Sisi nasi husema "nimesoma" lakini hatusemi "nimela", tunasema "nimekula". Maneno yatumikayo kila siku ndiyo mara nyingi huwa na desturi zao, na dawa yake ni kuyatumia kila siku. Vitenzi vitano kwa wiki, kila mwanafunzi akavitungia sentensi za mambo ya nyumbani kwao, vina faida kuliko orodha ya vitenzi mia moja vinavyoimbwa.

Najua wako watakaosema kwamba Kiswahili kisisikike katika kipindi cha Kiingereza. Ziko shule ambazo mtoto huadhibiwa kwa kusema Kiswahili. Mimi sikubaliani na jambo hilo. Sisemi somo zima liendeshwe kwa Kiswahili. Katika kipindi cha dakika 40, maelezo ya dakika 5 kwa lugha anayoielewa mtoto yanatosha, na dakika 35 zilizobaki aseme na kuandika Kiingereza. Kumtisha mtoto hakumfundishi Kiingereza, kunamfundisha kunyamaza.

Jambo hili si la walimu wa Kiingereza peke yao. Katika mtaala mpya somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, na hilo ni jema. Lakini Fizikia, Kemia na Biolojia bado hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi asiyetofautisha "absorbs" na "is absorbed" ataandika kwamba mwanga hufyonza jani, naye atakosa alama ya Biolojia ambayo kichwani anayo.

Kwa hiyo naomba Taasisi ya Elimu iweke katika kitabu cha kidato cha kwanza sura ya kulinganisha vitenzi vya Kiswahili na vya Kiingereza. Vyuo vya ualimu navyo viwazoeze walimu wapya kufundisha kwa kulinganisha hivyo. Nasi tuliomo madarasani tusingoje kitabu. Sarufi ya Kiswahili watoto wetu wanakuja nayo kutoka nyumbani, na haina gharama yoyote kwa Serikali.

Yule kijana wa Lugalo niliandika naye sentensi yake upya ubaoni. Ilituchukua dakika chache tu.

Mwalimu wa Kiingereza,
Iringa.