"Anwani Halisi" au "Anwani ya Mahali"?

Istilahi "anwani halisi" huwajia watafsiri kwa wepesi wanapotaja mahali data ilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Kwa maoni yetu haifai. Kivumishi "halisi" huifanya anwani inayotumiwa na programu ionekane ya uongo, ilhali programu haihitaji nyingine. Aidha, hakidokezi ujirani, na hatari imo humo.

Tangu 2008 kiini cha Linux kiliiruhusu programu ya kawaida isome, katika faili la pagemap, kurasa zake zimewekwa wapi. Mwaka 2014 watafiti walithibitisha kwamba kusoma safu moja ya chipu mfululizo, mara nyingi mno, huweza kugeuza biti za safu jirani. Mwaka 2015 wenzao wa Google waliitumia kasoro hiyo kutwaa mamlaka ya kiini chenyewe. Mpangilio uliofichuliwa ulimwonyesha mshambuliaji jirani ni yupi. Mwaka huohuo namba hizo zikafichwa: asiye na idhini husoma sifuri.

Tunapendekeza "anwani ya mahali". Wapo watakaoliona neno "mahali" kuwa la kawaida mno. Lakini mwanafunzi anayesoma kwamba kiini kimefichua "anwani halisi" hana sababu ya kushtuka. Akisoma kwamba kimefichua mahali, atauliza ni nani anayekaa jirani.