Uanagenzi: Cheti cha Ngazi ya Kwanza Kisiwe Kituo cha Mwisho

Katika miaka ya karibuni, taarifa za Serikali kuhusu ufundi stadi zimesikika zaidi kwa hesabu ya majengo. Ujenzi wa vyuo 64 vya wilaya pamoja na kimoja cha Mkoa wa Songwe, vyote chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), umefuatiliwa kwa karibu na wananchi, na ni haki yao kuufuatilia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ufundi nchini bado inarithishwa mahali ambapo hakuna jiwe la msingi lililowekwa: katika karakana za Gerezani, kwa maseremala wa Keko, jikoni mwa hoteli za Arusha na katika viwanda vya nguo. Huko ndiko uanagenzi unakofanyika. Huko pia ndiko linakokaa swali ambalo majengo peke yake hayawezi kulijibu: kijana anayeingia kujifunza kazi anatarajia kufika wapi?

Uanagenzi si jambo geni katika sheria za nchi. Sheria ya kwanza iliyousimamia ilitungwa mwaka 1940, wakati wa ukoloni, na mwaka 1994 ikatungwa Sheria iliyoianzisha VETA. Msukumo mpya ulikuja na Mpango wa Taifa wa Kukuza Ujuzi, ulioanza katika mwaka wa fedha 2016/17 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kufuatiwa na Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi wa mwaka 2017. Miongoni mwa walioanza kunufaika ni vijana waliofundishwa ushonaji katika kiwanda cha nguo cha Tooku, Mabibo jijini Dar es Salaam, na wale waliojifunza kutengeneza bidhaa za ngozi katika Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). VETA nayo imekuwa ikiendesha uanagenzi pacha, ambao mwanagenzi hugawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Mwanagenzi, mwajiri na chuo hufungwa na makubaliano. Chuoni kuna mkufunzi, kazini kuna msimamizi, na kati yao kuna kitabu cha kumbukumbu ambamo kila kazi aliyojifunza mwanagenzi huandikwa na kutiwa saini. Ugumu upo katika utekelezaji. Kitabu kinachojazwa kila wiki humwonesha mkufunzi kwamba kijana ameshakaa miezi minne bila kugusa mfumo wa breki, akapata nafasi ya kumuuliza msimamizi sababu. Kitabu kinachotiwa saini zote kwa siku moja, mafunzo yakiwa yamekwisha, hakimwoneshi mtu yeyote chochote. Mwanagenzi aliyemaliza mwaka akifagia, akibeba vyuma na kutumwa chai hutoka na saini sawa na za mwenzake aliyefundishwa kweli, na tofauti yao huonekana siku ya upimaji.

Hapa ndipo suala la matarajio linapoingia. Wengi wa wanaojiunga na uanagenzi ni vijana ambao matokeo ya kidato cha nne hayakuwaendea vizuri, au hawakufika huko kabisa. Wamekwishaambiwa, nyumbani na mtaani, kwamba wamefeli, na ufundi ndilo kimbilio lililobaki. Kijana wa namna hiyo huomba kidogo: apate cheti, apate vibarua. Haulizi juu ya hatua ya pili kwa sababu hajui kama ipo.

Nayo ipo. Tuzo za Taifa za Ufundi Stadi zimepangwa katika ngazi tatu, na anayehitimu Ngazi ya III hufunguliwa mlango wa kuingia Ngazi ya 4 ya elimu ya ufundi inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Kutoka hapo kuna Ngazi ya 6, ambayo ni stashahada, na hatimaye Ngazi ya 8, ambayo ni shahada. Kwa maneno mengine, msichana anayeanza leo kushona mifuko ya shati kiwandani yuko kwenye njia ileile inayoweza kumfikisha kwenye uhandisi wa nguo. Njia ni ndefu, na si kila mmoja ataipenda. Fundi bora wa Ngazi ya II mwenye karakana yake hana deni kwa mtu. Lakini kuchagua kusimama mahali ni tofauti na kusimama kwa kutojua kwamba njia inaendelea.

Nani amweleze? Vipeperushi na maonesho ya Sabasaba husaidia, ila mtu anayesikilizwa na mwanagenzi ni yule anayekaa naye kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, yaani fundi wake. Na fundi huyo, mara nyingi, hakupita chuo. Alijifunza kwa kutazama, akapigwa spana ya mkono alipokosea, akaivumilia kazi hadi akaimudu. Ngazi za tuzo hazijui kwa sababu hakuna aliyempandisha yeye.

Kwa mtazamo huo, urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi una uzito mkubwa kuliko unavyotangazwa. Kupitia mpango huo, mafundi wa magari, waashi, maseremala, wapishi na wengineo hupimwa kwa kazi wanayoifanya, hupewa mafunzo ya muda mfupi pale palipopungua, kisha hutunukiwa cheti. Kwa kawaida faida yake huelezwa kwa fundi mwenyewe: zabuni, mkopo, ajira. Faida ya pili ni kwamba fundi aliyepimwa anajua upimaji unataka nini. Anaweza kumwambia kijana wake, "Mwanangu, hii watakuuliza," na neno hilo lina nguvu kuliko hotuba. Ingefaa karakana zinazopokea wanagenzi ziwe za kwanza katika orodha ya urasimishaji.

Wasichana wana ziada ya vikwazo. Karakana nyingi hazina choo chao wala mahali pa kubadilishia nguo, na si ajabu mwanagenzi wa umeme wa magari akajikuta amekalishwa mapokezi kuandika risiti "kwa sababu ana mwandiko mzuri". Jambo hilo hufanywa kwa nia njema na huharibu mafunzo vilevile.

Kuna pia nauli. Ada inapolipwa na Serikali, bado kijana wa Mbagala anayejifunza Tegeta anahitaji kufika na kula mchana, na wengi huacha kwa sababu hiyo tu. Waajiri wamepunguziwa mzigo: Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, iliyokuwa asilimia 6 miaka ya nyuma, ilishushwa hadi asilimia 3.5 kuanzia Julai 2023. Si makosa kutarajia kwamba sehemu ya unafuu huo irudi kwa njia ya posho ya nauli na chakula.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma Februari 1, 2025, imeweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla katika sekondari. Wanafunzi wa mkondo huo watafika karakanani wakiwa wameuchagua ufundi, na huenda watauliza maswali ambayo waliowatangulia hawakuyauliza. Kwa sasa, mzazi anayetakiwa kuweka saini makubaliano ya uanagenzi anaweza kuanza na manne: msimamizi wa mwanangu ni nani, atapimwa kwa ngazi gani, gharama za upimaji analipa nani, na akifaulu, ombi la ngazi inayofuata hupelekwa wapi.