Ushirika wa waumini ni sehemu ya tiba

Mgonjwa wa shinikizo la damu akija kwangu humuuliza maswali ambayo kila daktari huuliza. Anakula nini? Analala saa ngapi? Anavuta sigara? Anameza dawa zake kila siku? Siku hizi huongeza swali moja: "Ukikosa kuonekana kwa juma zima, ni nani atakayekuja kubisha mlangoni pako?"

Wengi hunyamaza kwanza, kisha hutaja jina la kanisa. Nikiuliza ni nani hasa katika kanisa hilo, hukosa jibu. Utapata kwamba mtu ameketi mahali pale pale kila Jumapili kwa miaka mitano, na hakuna hata mmoja anayejua anakoishi.

Hapo ndipo penye shida ninayotaka tuitazame leo. Kwenda kanisani ni jambo moja, na kuwa na ushirika na waumini wenzako ni jambo jingine. Kwa upande wa afya, hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi, nalo ndilo tunalolipuuza.

Msomaji asidhani kwamba daktari ameacha kazi yake na kuanza kuhubiri. Upweke ni jambo la afya. Katika ripoti iliyotolewa mwaka wa 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka vinahusiana nao. Magonjwa yaliyotajwa ni yale yale tunayoyaona kila siku katika zahanati zetu: kiharusi, moyo, kisukari na huzuni kuu.

Kuna pia uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2016. Wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi hadi 2012. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa juma walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 33, wakilinganishwa na wale ambao hawakuhudhuria kabisa. Ni kweli kwamba hao ni Wamarekani, na uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha chanzo. Lakini watafiti walipotafuta sababu, miongoni mwa walizozitaja ni kwamba waliohudhuria walikuwa na watu wa kuwategemea, hawakuvuta sigara sana, na hawakuzama sana katika huzuni.

Haya si maajabu. Mtu mpweke hulala vibaya, na mwili wake hukaa kama ulio katika hatari kila wakati. Homoni za wasiwasi hazishuki inavyopaswa na shinikizo la damu hupanda. Aidha, anayekula peke yake mara nyingi hali vizuri, na asiye na wa kumuuliza habari zake husahau dawa. Wenye kisukari hufika hospitalini na kidonda cha mguu kilichooza kwa sababu hakuna aliyekiona kilipokuwa kidogo.

Wazee wetu waliujua ushirika. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwishoni mwa miaka hiyo, ulijengwa juu ya mikutano midogo ya ndugu. Mtu alieleza alivyo, wenzake wakamsikiliza na kumwombea, na asipofika alitafutwa. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 waliamua kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa kazi ya kanisa. Katika jumuiya ya nyumba chache, mgonjwa hafichiki.

Leo makanisa mengi ya mijini yamekua mno. Vipaza sauti ni vikubwa, viti ni vingi, na muumini huingia na kutoka bila kusalimiwa kwa jina. Halafu janga la korona likaja. Machi 2020 makanisa yalifungwa, na yalipofunguliwa Julai mwaka huo, wenye umri wa zaidi ya miaka 58 walitakiwa wabaki nyumbani. Wakati ule hatua hiyo ilikuwa ya busara. Lakini baadhi ya wazee ninaowatibu walizoea ibada ya redio na ya simu, na mpaka leo hawajarudi. Redio humletea mzee mahubiri. Haiwezi kugundua kwamba miguu yake imevimba.

Wanaume ndio walio hatarini zaidi. Akina mama wana vyama vyao na hutembeleana. Mwanamume akifiwa na mkewe au akipoteza kazi hujifungia, na akiulizwa husema yu salama. Wengine huishia kwenye pombe. Yafaa kila kanisa lijiulize kama kuna mkutano wowote ambapo mwanamume anaweza kusema mambo yamemshinda bila kuchekwa.

Hata hivyo, si kila ushirika ni dawa. Upo unaoua. Mwaka wa 2023 taifa lilishuhudia miili zaidi ya 400 ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, baada ya waumini kufunga hadi kufa. Kikundi kinachomtenga mtu na jamaa zake, kinachomkataza kwenda hospitalini au kumwambia atupe dawa za kisukari, kifafa au ARV, kikimbieni. Katika sura ya pili ya Injili ya Marko tunasoma juu ya watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza hadi wakabomoa paa ili afike alikotaka kuponywa. Kazi ya marafiki ilikuwa kumfikisha. Ushirika unaomzuia mgonjwa kufika unafanya kinyume cha hao wanne.

Kuna kosa jingine dogo ambalo huvunja vikundi vingi, nalo ni kutoboa siri. Mtu humweleza mwenzake kwamba ana virusi vya ukimwi, na Jumatano jambo hilo husomwa mbele ya wote kama ombi la maombi. Tangu sheria ya ukimwi ya mwaka wa 2006 ipitishwe, hali ya mtu haifai kutangazwa bila idhini yake. Lakini hata pasingekuwa na sheria, aliyesalitiwa hivyo hatarudi kwenye kikundi, na huenda akaiacha hata kliniki kwa kuogopa kuonekana. Kinachosemwa ndani ya kikundi kibaki humo.

Basi tufanye nini? Sipendekezi mradi mkubwa wala harambee. Vikundi viwe vidogo, vya watu kumi au kumi na wawili wanaoishi karibu. Kila kikundi kiwe na mtu wa kuangalia ni nani hajafika, na asiyefika mara mbili atembelewe. Anayemeza dawa za muda mrefu awe na mwenzake wa kumkumbusha siku ya kliniki na, ikibidi, kumsindikiza.

Mkienda kumwona mgonjwa, msikae hadi achoke. Msimpelekee mwenye kisukari soda na keki. Aliyeanza juzi matibabu ya kifua kikuu msimkwepe, lakini fungueni madirisha na mfuate ushauri wa kliniki. Anayesema amechoka kuishi msimwambie kwamba hana imani. Msimwache peke yake, na mfikisheni hospitalini siku hiyo hiyo. Kumwombea na kumpeleka kwa daktari havipingani.

Nimewasikia wengine wakisema kwamba hawana nafasi, kwamba kazi, matatu na watoto vimewamaliza. Nawaelewa. Lakini waumini hao hao hupata nafasi ya kukutana kila jioni mwenzao akishafariki, wakachanga pesa na kupanga mazishi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole hivyo vipo tayari. Kinachohitajika ni kuvikusanya mtu angali hai, wakati ambapo dawa za shilingi chache zingali zinaweza kumsaidia.

Jumapili hii mtafute mwenzako mmoja ambaye hajaonekana kwa majuma mawili. Usimpigie simu tu. Nenda kwake, keti, umuulize anavyolala na kama dawa zake zimekwisha.