Binti wa Wang'uru na Kazi ya Kalamu



Tulikuwa Wang'uru, kaunti ya Kirinyaga, mji utuleteao pishori ya biriani za arusi zetu. Mwenyeji wetu ni mtu wa Mombasa aliyehamia huko kwa biashara ya mchele. Baada ya chakula cha usiku alitufungulia jambo lake: bintiye amemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, naye ataka kusomea fasihi ili awe mwalimu wa uandishi chuoni.

"Sheikh, mwambie wewe," alisema. "Hiyo ni kazi ya njaa. Atakula mashairi?"

Tukiri kwamba moyoni tulikuwa upande wa baba. Safu hii twaiandika miaka mingi, na haijatununulia hata kilo moja ya mchele.

Binti alileta chai, akatuamkua, kisha akauliza kwa adabu iwapo twamjua Micere Githae Mugo. Twamjua, na tuliona haya kunyamaza. Alizaliwa mwaka 1942 Baricho, Kirinyaga hiyo hiyo. Alisoma Makerere, akapata shahada ya udaktari Kanada, na tangu 1973 akafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo. Yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o ndio walioandika tamthilia ya Dedan Kimathi ya 1976, ambayo kwa Kiswahili twaijua kama Mzalendo Kimathi. Mwaka 1982 ilimlazimu kuikimbia nchi pamoja na mabinti zake wawili wadogo. Alifundisha Marekani, kisha Zimbabwe iliyompa uraia, kisha Marekani tena, katika chuo kikuu cha Syracuse, hadi alipostaafu 2015.

"Si hayo!" alisema baba. "Kalamu ilimtoa kwao."

Hatukuwa na la kumjibu, kwani ni kweli. Mama huyo alifariki ugenini mwaka 2023, baada ya kuugua saratani kwa miaka mingi.

Lakini binti hakuwa amemaliza. Alisema kilichomvuta si cheo cha mama yule. Ni kule kushikilia kwake kwamba hadithi na nyimbo za mdomoni ni fasihi kamili, zisizohitaji ruhusa ya kitabu. Nje ya darasa aliwakusanya Waafrika wa mji ule wa baridi wakawa jamaa. Kisha akatuonyesha daftari la shule, limejaa nyimbo za wanawake wapandao mpunga kando ya mifereji ya mto Thiba, na jina la kila aliyemwimbia.

Baba alilichukua, akafungua kurasa mbili tatu. Hakujua kuwa lipo. Mamake mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa na tenzi nzima kifuani, na hakuna aliyeziandika, alizikwa nazo. Hilo alilisema yeye, si sisi, na sauti yake ilibadilika.

Hata hivyo hakusema ndiyo. Aliuliza mwalimu wa chuo hulipwa kiasi gani, tukamjibu kwamba wengi huanza kwa vibarua vya muhula mmoja mmoja, na mshahara huchelewa. Hatukupenda kumficha. Akauliza tena, msichana akisoma Nairobi atakaa kwa nani. Tuna jamaa Eastleigh, mtu mzima na mkewe. Tumewaandikia, jibu bado hatujalipata.