Ratiba ya Treni Nayo ni Suala la Haki

Jiji la Dar es Salaam, ambalo kwa sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu 5,383,728, lina reli za aina tatu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. Ile ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, milimita 1,067. Na ile mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, milimita 1,435. Treni ya reli moja haiwezi kupita juu ya nyingine.

Yafaa tujiulize: njia hizi zilipangwa kwa ajili ya nani? Mbili za kwanza zilikusudiwa kuunganisha bandari na bara, wala si kumfikisha kazini mkazi wa Gongo la Mboto. Mwezi Oktoba 2012 treni za abiria wa jijini zilipoanza, moja kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, nyingine kati ya TAZARA na Mwakanga, wengi walishukuru, na walikuwa na sababu. Hata hivyo zilipangiwa safari za asubuhi na jioni. Ratiba ya namna hiyo humfaa mtu wa ofisini. Mama anayewahi samaki Feri kabla ya mapambazuko, na mlinzi anayetoka lindo, hawamo ndani yake.

Wataalamu hujibu kwamba reli ni ya njia moja. Ni kweli. Ikiwa mwendo kati ya mahali pawili pa kupishania ni dakika 15, na treni za pande zote mbili zinapokezana, basi anayekosa treni yake hungoja dakika 30. Lakini hapo ndipo penye uamuzi: fedha ziende kwanza kwenye njia za kupishania, au kwenye mapambo ya vituo? Aidha, stesheni ya TAZARA iko mbali na katikati ya jiji. Abiria akishuka hapo hulazimika kulipa nauli ya pili. Tiketi moja ya treni, mwendokasi na daladala ingempunguzia mzigo huo maskini kuliko behewa jipya.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo wasingoje kuitwa. Kila jumuiya iandike watu wake huondoka saa ngapi, huenda wapi, hubadili gari mara ngapi na hulipa kiasi gani. Orodha hizo zikabidhiwe kwa diwani na mbunge kabla mipango haijapitishwa. Reli ikishatandikwa huduma vizazi vingi. Asiyehesabiwa leo, wajukuu wake wataendelea kutembea kwa miguu.