Mama Aliyerudi Maabara Baada ya Miaka 8

Kila mama aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaujua mzani. Mtoto akilia na kukataa kupimwa, muuguzi humwambia mama apande mzani akiwa amembeba, kisha apande peke yake. Uzito unaozidi ndio wa mtoto. Mwezi huu tunapenda kuwatazama watu wenye kazi inayofanana na hiyo, ila wao hupima vitu visivyoonekana kwa macho. Na miongoni mwao yuko mama mmoja tunayetaka mumfahamu.

Tunaanza na yeye kwa sababu wako akina mama wengi, na huenda wewe ni mmoja wao, walioacha kazi au masomo ili walee watoto. Watoto wakishaanza shule, mama hutamani kurudi. Hapo huambiwa, "Mambo yamebadilika, wakati wako umepita." Wengine hawaambiwi na mtu yeyote. Hujiambia wenyewe.

Carol Robinson alizaliwa Kent, Uingereza, mwaka 1956. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akaajiriwa kuwa fundi wa maabara katika kampuni ya dawa ya Pfizer mjini Sandwich. Huko ndiko alikokutana na mashine iitwayo spektrometa ya masi, yaani mzani wa kupimia molekuli. Aliipenda. Akasoma huku akifanya kazi, kwa miaka 7, mpaka akapata shahada. Akaendelea na masomo Swansea, kisha Cambridge, akawa daktari wa kemia.

Halafu akaacha kazi. Kwa miaka 8 alikaa nyumbani kulea watoto wake watatu.

Katika miaka hiyo fani yake haikumngoja. Hebu tueleze kidogo. Protini tunazijua katika maharage, mayai na dagaa. Lakini mwilini protini ni watenda kazi. Ziko zinazobeba oksijeni katika damu, ziko zinazosaga chakula tumboni, na nyingi hufanya kazi zikiwa zimeshikana kwa makundi. Ili mashine ile ipime kitu, ni lazima kitu hicho kipate chaji ya umeme na kuruka ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Kwa vitu vyenye chaji sawa, chepesi hufika mapema na kizito huchelewa. Muda uliotumika ndio unaoonyesha uzito.

Shida ni kwamba protini haivumilii kuchemshwa mpaka iwe mvuke. Yai likishakaangwa halirudi kuwa bichi. Mwaka 1988, Mmarekani John Fenn, ambaye tayari alikuwa amefikisha miaka 70, alionyesha njia ya upole. Maji yenye protini hupitishwa katika sindano nyembamba yenye umeme, yakatoka kama manyunyu. Matone hukauka yakiwa njiani, na protini hubaki bila kuvunjika. Mwaka 2002 mzee huyo alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Basi Carol aliporudi, safari hii Chuo Kikuu cha Oxford, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuta mashine aliyoizoea inafanya mambo mapya. Hakuona aibu kuanza na cheo cha chini. Alijifunza upya, kisha akauliza swali lake mwenyewe: je, protini zinaweza kupimwa zikiwa bado zimeshikana, kama zilivyo mwilini? Wengi walidhani zitaachana zikishatoka majini. Yeye na wenzake walipunguza nguvu ya mashine, wakajaribu tena na tena, na makundi yakaruka bila kutengana. Walifika hata kupima ribosomu, kiwanda kidogo cha kutengenezea protini ndani ya chembe hai, chenye uzito unaozidi mara milioni 2 ule wa atomu ya haidrojeni.

Mwaka 2008 walifanya jambo lingine tunalolipenda sana sisi wa jikoni. Ziko protini zinazokaa ndani ya utando wa mafuta unaozunguka chembe hai, na dawa nyingi tunazomeza hufanya kazi kwa kuzishika hizo. Zikitolewa kwenye mafuta huharibika. Wakazifunika kwa kitu cha jamii ya sabuni, wakazirusha zikiwa ndani yake, na sabuni ikavuliwa ndani ya mashine. Siku hizi watafiti huweza kupima protini peke yake, kisha kuipima ikiwa imeshika dawa. Uzito unaozidi ndio wa dawa. Ni hesabu ile ile ya kliniki.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Katika maabara ya namna hii yuko anayekuza bakteria usiku kucha ili watengeneze protini. Yuko anayeisafisha kwa siku kadhaa, mara nyingi katika chumba cha baridi. Chumvi ya kawaida ikibaki, mzani hautoi jibu la maana. Yuko anayekaa kwenye mashine na tone dogo kuliko chozi. Na yuko fundi anayehakikisha pampu za kuondoa hewa hazizimiki mchana na usiku. Carol mwenyewe alianza kwenye ngazi hiyo ya fundi.

Mwaka 2001 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa kemia Cambridge, na mwaka 2009 akawa wa kwanza Oxford.

Hatusemi kwamba kila mama atakayerudi kazini atakuwa profesa. Wala hatusemi kwamba nepi zilimfundisha kemia. Tunasema tu kwamba miaka 8 ya kulea haikufuta alichokijua, na kwamba ilikuwapo maabara iliyokubali kumpokea.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, toa vyeti vyako sandukuni. Watafute uliofanya nao kazi, uwaulize ni nini kimebadilika. Ukipewa nafasi ya chini, usiidharau. Nanyi akina baba, mke akisema anataka kurudi darasani jioni, msimwulize kwanza nani atapika. Kaeni pamoja mpange. Na wewe uliye na ofisi, ukiona barua ya maombi yenye pengo la miaka kadhaa, usiiweke kando haraka. Mwite mwenye barua, umwulize anajua nini na yuko tayari kujifunza nini.